Ishirini Juu ya Kaburi la Mjomba

Tulipomaliza matanga ya mama, kazi ya kupanga vitu vyake iliniangukia mimi, na siku hiyo nilikuwa natafuta kifungo tu. Mama alikuwa na kopo la biskuti ambalo biskuti zake sikuwahi kuziona. Tangu nijijue, lilikuwa la vifungo, sindano, zipu zilizong'olewa kwenye suruali kuukuu na vipande vya uzi. Mnalijua kopo hilo. Kila nyumba ya Likoni ilikuwa na la kwake. Nikatia mkono bila kutazama, nikashika kitu kidogo chenye pembe nyingi, laini, cha baridi. Vidole vilikitambua kabla yangu. Nilipiga ukelele, nikakiachia, kikadunda sakafuni na kubingirika hadi chini ya kitanda, nikakisikia kikigonga ukuta na kutulia. Nikabaki nimekaa, mimi mtu mzima mwenye watoto wanaonyoa ndevu.

Lilikuwa jiwe la Kassim. Miaka yote nilidhani limo mchangani, kule makaburini kwetu.

Hadithi yenyewe inaanza na Mjomba Salim, kaka yake mama. Alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya kusini, zile za wazungu, na jioni akirudi alinukia sabuni ya kufulia mashuka hadi sisi watoto tukawa tunamnusa badala ya kumwamkia. Wageni walipoondoka waliacha vitu, na vingine hoteli ilimruhusu kuvichukua: chupa ya mafuta ya nywele iliyobaki nusu, ndara ya mguu mmoja, mwavuli usiofunguka. Siku moja akaja na sanduku la karatasi ngumu lililochanika pembe. Ndani mlikuwa na kitabu kinene chenye picha za watu wenye mapanga na wanyama wasiokuwepo, rundo la karatasi tupu, na dadu. Lakini dadu gani hizo! Nyingine zilikuwa kama kipande cha kashata, nyingine kama piramidi, na moja, ya manjano, ilikuwa na pande ishirini, kila upande na nambari yake.

Nyanya, mamake Mjomba, alipoziona alishika kichwa. "Salim! Dadu ndani ya nyumba yangu? Wataka kuwafunza watoto kamari?"

"La, mama, hakuna anayecheza pesa. Ni vijiwe tu hivi," Mjomba akamjibu, na tangu hapo kwa heshima ya Nyanya hatukutamka tena neno dadu. Ile ya manjano tukaiita jiwe.

Kitabu kilikuwa cha Kijerumani. Hakuna nyumba yoyote upande wetu iliyokuwa na mtu wa kukisoma, ila Kassim, mwana mkubwa wa Mjomba, alikichukua, akalowesha kidole kwa ulimi, akafungua kurasa moja baada ya nyingine akitikisa kichwa kama anayekubaliana na mwandishi, kisha akatutangazia kwamba amekielewa. Mdogo wake Riziki na mimi, tuliokuwa rika moja na hatukutengana ila kwa kulala, hatukutilia shaka hata kidogo. Mjomba alijua salamu tatu za Kijerumani. Tukaona mwanawe hashindwi na maneno yaliyobaki.

Mchezo ulichezwa baada ya chuo cha Kurani, tukishaweka juzuu zetu mahali pa juu, kwenye mkeka nyuma ya nyumba ambapo moshi wa makumbi ya nazi ulitoka jikoni ukatupitia usoni. Kassim ndiye aliyekuwa kadhi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamua kila jambo. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake, aliyemchora na kumwandika kwenye karatasi: jina, nguvu zake, alichobeba. Kassim husema, "Mmefika mlangoni mwa pango. Ndani kwanuka. Mwafanyani?" Nasi kila mmoja husema mtu wake anafanya nini, kisha jiwe likatupwa, nambari ikaamua kama amefanikiwa au amekiona cha moto. Mtu wangu aliitwa Kombo na alikuwa na mkuki na punda. Mtu wa Riziki aliitwa Tima mwana wa Mwanahawa, msichana asiyeogopa kitu, mwenye upinde. Kassim alisisitiza kila mtu aandikwe na jina la mamake. Tulipomuuliza kwa nini mama na si baba, kama watu wote, alisema ndivyo kitabu kilivyotaka.

Kisha Tima akafa. Aliingia kisimani peke yake kumfuata nyoka, jiwe likatoa mbili, na Kassim, uso wake umekazika, akasema, "Basi. Kafa." Riziki alidhani anafanyiwa mzaha. Alipoona karatasi ya Tima inafunikwa kwa pembe ya leso alilia kilio ambacho sijapata kukisahau, hadi mamake akaja mbio mikono imejaa unga. Akalia mchana kutwa. Wali ulikuja ukarudi jikoni. Ndizi ya kukaanga ikaja ikarudi nayo. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, midomo imemkauka, na mamake sasa alikuwa hamfokei tena, alikuwa anamtazama tu.

Jioni hiyo Mjomba alirudi kazini, akamkuta bintiye amelala kwenye mkeka ameupa ukuta uso. Akachutama. Alinukia ile sabuni yake. Akamuuliza Kassim, "Kadhi, kitabu chasemaje? Mtu akifa ndiyo mwisho?"

Kassim akasema hajafika ukurasa huo.

"Haya, ufike," Mjomba akamwambia, na wakaenda wawili na kitabu chao hadi kwenye mpapai, wakasimama huko kitambo wakizungumza. Waliporudi, Kassim alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa. Akatukalisha. Akasema kuna njia, lakini ni ngumu, na anayerudi harudi mzima, lazima apungukiwe na kitu. Akachutama upande wa kichwa wa ile karatasi iliyofunikwa, akaita kwa sauti nzito ambayo hakuwa nayo siku zote:

"Ewe Tima, mwana wa Mwanahawa, usiogope. Watakujia wawili wakuulize, nawe uwajibu."

Akauliza, na Riziki, kwa kuwa ndiye mwenye mtu, akajibu kwa niaba yake: yeye ni nani, amemwacha nani nyuma, kazi gani hakuimaliza. Alijibu kwa sauti ya mgonjwa lakini hakukosea hata moja. Kisha akapewa jiwe. Likatoa saba. Sote tukamtazama Kassim, naye akafungua kitabu, akapitisha kidole mstari kwa mstari na kusema, "Kuanzia saba, anaruhusiwa kurudi."

Tima akarudi, bila kidole kimoja. Mjomba alipiga makofi, akaagiza wali, akala na bintiye sahani moja, akimtilia nyama upande wake. Nyanya alinung'unika kwamba kufufua ni kazi ya Mola peke yake. "Hatumfufui, Nyanya," Kassim akamwambia. "Twamuombea ruhusa tu."

Si muda Kombo wangu naye akafa, kwa upumbavu wa kuvuka mto na punda. Nikajibu maswali yote. Jiwe likatoa sita. Kassim akatazama kitabu, akasikitika, akasema nimepungukiwa na moja. Tulimzika Kombo chini ya mpapai. Niliumia, lakini usiku huo nilikula wali wangu wote na ukoko juu, na hakuna aliyenishughulikia.

Nayaeleza haya yote ili mjue tulikuwa tumebeba nini vichwani, Riziki na mimi, siku ile.

Siku ile Mjomba aliondoka alfajiri na sare yake ndani ya mfuko. Kabla ya adhuhuri gari dogo la hoteli liliingia uani kwetu, na hakuna gari lililopata kuingia uani kwetu. Wanaume wawili wenye sare kama yake walishuka, wakavua kofia, wakasimama. Walisema alikuwa ameshika pembe za shuka, analitandaza, akakaa juu ya kitanda cha mgeni, jambo asilolifanya kamwe, akaanguka. Mkaza mjomba, mamake Riziki, hakulia. Aliwauliza, "Amekula?" Akauliza tena na tena, kama vile jibu lingegeuza kitu. Mimi niliitazama miguu yangu nione kama bado ipo.

Alasiri hiyo hiyo alizikwa. Nyumba ilijaa harufu ya kafuri na marashi, na nakumbuka nikiitafuta ile sabuni chini yake, nisiipate. Wanawake walikaa ndani. Kwetu makaburi hayakuwa mbali, yalikuwa mwisho wa shamba la ukoo, baada ya minazi, lakini mwanamke haendi kuzika na mtoto wa kike vivyo hivyo, na sisi wasichana wawili hatukuwa tumewahi kusimama huko maiti ikiteremshwa. Wanaume walipobeba jeneza wakitamka shahada, Riziki alinishika mkono. Alikuwa mkavu machoni. Tukapita nyuma ya jikoni, tukakata kwa njia ya mbuzi, tukajibanza nyuma ya mkanju mnene ulioinamisha matawi hadi chini.

Niliyaona yote. Nilimwona Kassim akiingia kaburini pamoja na ami zake kumpokea babake. Nilimwona akitoka, matope hadi viwikoni, kanzu imemshika mwilini. Wakafukia. Kisha watu wakachutama, na Mwalimu wetu wa chuo, yule yule aliyetupiga fimbo kwa kukosea herufi, akakaa upande wa kichwa wa lile tuta. Alisoma kwa Kiarabu, kisha, kama ilivyokuwa desturi yake, akarejea kwa Kiswahili ili walio hai nao wasikie:

"Ewe Salim, mwana wa Mwanakombo, usiogope. Watakujia wawili wakuulize, nawe uwajibu."

Riziki alinibana mkono hadi kucha zikaingia. "Wasikia?" akaninong'oneza. "Mwalimu naye yuwakijua kitabu chetu."

Leo najua. Ile ni talkini, maneno anayosomewa maiti makaburini kwetu tangu enzi za mababu, na Kassim, mvulana aliyekwenda kuzika na babake mara nyingi, alikuwa ameichukua huko. Lakini sisi tulikuwa hatujaisikia popote ila kwenye mkeka wetu, mbele ya karatasi iliyofunikwa leso. Kuitwa kwa jina la mama kulikuwa ni kanuni yetu ile ile. Usiogope ilikuwa ile ile. Mimi nilichokiona ni kwamba watu wazima wa Likoni, wote hao wenye kofia na ndevu, walikuwa wanaucheza mchezo wetu, na walikuwa wanamrudisha Mjomba. Furaha iliyonipanda nashindwa kuieleza hata sasa.

"Hata akirudi bila mkono, sawa," Riziki akasema. "Mkono mmoja watosha kutandika kitanda."

Mwalimu akauliza, "Mola wako ni nani?" Na kabla hajaendelea, sauti ya mtoto ikapaa juu ya vichwa vya watu.

"Mola wangu ni Mwenyezi Mungu!"

Riziki alikuwa ametoka. Sikumwona akiondoka ubavuni mwangu. Alikuwa anatembea kati ya makaburi, miguu mitupu, leso imemwangukia mabegani. Wanaume waligeuka wote kwa pamoja. Mmoja akasema, "Astaghfirullah, nani kamleta mtoto wa kike huku?" Ami yake akainuka amkamate, naye akampita chini ya mkono.

"Endelea, Mwalimu," akasema. "Niulize mimi. Mimi ndiye mwenye mtu."

Mwalimu hakuendelea. Basi Riziki akajiuliza mwenyewe na kujijibu: Mtume wake, kitabu chake, kibla chake, vyote kama tulivyofunzwa, bila kosa, bila kupumua. Kisha akafungua fundo la leso, akatoa jiwe la manjano, akalitupa juu ya kaburi.

Mimi nami nilikuwa nimeshafika, sijui kwa miguu ya nani. Mchanga ulikuwa laini, jiwe halikubingirika sana. Niliinama, nikaliona.

Ishirini.

Katika michezo yetu yote ishirini haikuwahi kutoka wakati wa kumwita mfu. Riziki alitazama watu mmoja mmoja, uso unang'aa. "Ishirini! Mwaona? Anaruhusiwa!" Watu walikuwa wameanza kusimama, wengine wakikung'uta kanzu, na yeye akawatandazia mikono kuwazuia. "Mwenda wapi? Ngojeni! Yuwatoka sasa hivi!"

Nimehudhuria misiba mingi tangu hapo, nimempoteza na mama, lakini sijaona tena watu wazima wakishtuka namna ile. Mzee mmoja alianza kulia waziwazi.

"Kassim," Riziki akasema. "Kadhi. Waambie."

Kassim alikuwa amesimama upande wa miguu. Alilitazama jiwe. Halafu, wallahi nilimwona kwa macho yangu, aliutazama mchanga. Yeye aliyetunga kila kitu, aliyemteremsha babake kwa mikono yake, alikaza macho kwenye lile tuta akangoja. Haikuwa kitambo kirefu. Lakini nilimwona akingoja, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu hapo nilijua kwamba hakuna anayejua.

Kisha akapiga magoti mbele ya dadake.

"Riziki," akasema, "mimi sijui Kijerumani."

Riziki hakuelewa.

"Kile kitabu sikijui. Hata neno moja sijapata kulisoma. Ni mimi nilokuwa nikitunga."

"Na Tima?"

"Na Tima pia."

"Mbona alirudi?"

Kassim alijipangusa pua kwa mkono wenye matope. Alikuwa mvulana ambaye sauti ilikuwa ndiyo kwanza inavunjika, na siku hiyo ilimvunjikia kabisa. "Kwa sababu ulikuwa huli," akasema. "Baba alinambia, tafuta njia yoyote, mwanangu, mtoto hali. Pale mpapaini. Nikamwambia sijui kukisoma. Akasema, najua."

Ndipo Riziki alipolia. Si kilio cha Tima. Hiki kilikuwa kidogo, kikavu, kama mtu anayekohoa, na alilia ameinama juu ya mchanga, vidole vikichimba, hadi Kassim akamnyanyua akamweka mgongoni kama mtoto mchanga na kumrudisha nyumbani, watu wakifuata nyuma. Mimi nilitembea peke yangu. Nilikuwa nimempoteza mjomba adhuhuri, lakini kwangu alikufa pale, kwenye yale maneno ya Kassim, sijui Kijerumani, na nakumbuka nikiwaza kwamba basi na Kombo naye hakupungukiwa na moja wala na kitu chochote. Nilikasirika mno. Nilimkasirikia Kassim, nikamkasirikia Mjomba kwa kujua, nikajikasirikia kwa kula ule ukoko.

Mchezo haukuchezwa tena. Kitabu Kassim alikizika chini ya mpapai, karibu na Kombo. Siku hizi ni mtu mzima mwenye mvi, na ukimwomba awasimulie watoto hadithi husema hajui hata moja. Kuhusu jiwe hatukuulizana. Sasa naona kwamba lazima Mwalimu aliliokota, akawapa wanawake, na mama, ambaye hakuwahi kunitajia siku ile hata kwa kunigombeza, akalitia kwenye kopo na kulinyamazia.

Nilimpigia Riziki simu. Anaishi Utange, ana duka lake la vitambaa. Nilimwambia nimeshika nini, na kwamba limeniponyoka. Nikasikia cherehani yake ikisimama.

"Limetoa ngapi?" akauliza.

"Liko chini ya kitanda cha mama. Sijatazama."

"Usitazame. Naja."

Akavuka feri akaja, buibui limejaa vumbi la njia. Hakuniamkia. Alilala kifudifudi sakafuni, yeye na unene wake wote, akanyoosha mkono gizani chini ya kile kitanda kilichovuliwa mashuka, na aliporudisha mkono ngumi ilikuwa imefumbwa. Akaitia koponi akaifumbulia humo humo, vifungo vikalia, akafunika. Wala yeye hakutazama.

Kisha akakaa kando yangu kitandani, akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama sana.

"Umekula?" akaniuliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Nikatikisa kichwa kukataa. Akavua buibui, akalitundika kwenye msumari wa mama, akaenda jikoni.